Kisu Hakikati

Katika darsa ya tauhidi tunasomesha kwamba kisu hakikati. Moto hauunguzi, chakula hakishibishi, kisu hakikati: anayeunguza, anayeshibisha na anayekata ni Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kuwa kisu kinapopita juu ya nyama Yeye huumba mkato hapo hapo. Sisi tumezoea kuviona viwili hivyo pamoja, tukadhani kimoja ndicho kinachokizaa chenziwe. Mifano hii tumeirithi. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika habari ya pamba na moto alipokuwa akiwajibu wanafalsafa, na Imam Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, ndiye aliyetupangia hukumu ya akili, yaani ile isiyoweza kuwa kinyume, na hukumu ya ada, yaani ile ya mazoea, kwa namna tunayoisomesha mpaka leo. Mimi huisomesha Mtambwe, Pemba, juu ya mkeka, baada ya Alasiri, kwa vijana ambao msimu ukifika vidole vyao huwa vyeusi kwa kuchambua karafuu. Hakuna aliyewahi kunibana juu ya mlango huo mpaka niliporudi kutoka hospitali nimeshonwa tumbo.

"Maalim," aliuliza binti mmoja wa darasa la wakubwa, "kama kisu hakikati, basi dakta kakukata kwa kitu gani?"

Wenziwe walicheka. Mimi nilijizuia, maana mwenye nyuzi tumboni hucheka kwa hesabu. Nilimwahidi jibu, na jibu limekuwa refu kuliko nilivyotaraji.

Nilianguka mkarafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na ya kwetu ikasalimika. Mti ukiachwa ukue hufika mita 10 hadi 15, na vishada vizuri hukaa kwenye ncha za matawi, pale penye wembamba. Tawi la mkarafuu halipindi kwanza likakuonya; hukatika. Lililonibeba mimi lilikatika, wala sikufika chini moja kwa moja. Nilipokewa na kisiki cha tawi la chini lililokatwa zamani, kikanigota chini ya kitovu upande wa kushoto, ndipo nikateremka ardhini. Ngozi haikupasuka. Wenzangu walinikagua, wakanikanda, wakamshukuru Mungu kwamba sikuvunjika kitu.

Kilichoharibika kilikuwa ndani. Weusi wa pigo ulipofifia nikaona kivimbe: nikikohoa kinatoka, nikilala chali kinarudi. Katika sala nilikuwa nakisikia kila nilipokwenda rukuu. Hapa kwetu mtu mzima hahitaji kuambiwa hicho ni kitu gani. Ni ngiri.

Daktari wa upasuaji alinikohoza nimesimama, akanipiga picha ya ultrasaundi, kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua. "Mzee wangu, ngiri nyingi watu huzisingizia mzigo," alisema. Ngiri ya kinena kwa kawaida hupita penye njia ambayo haikuzibika tangu mtoto alipokuwa tumboni mwa mamake, au penye nyama zilizolegea kwa umri. Lile gunia la siku ile mara nyingi limeifichua tu. Ngiri ya pigo ni adimu. Inataka kitu butu chenye kichwa chembamba, kije kwa nguvu wakati tumbo limekazwa: ngozi huvumilia kwa kuwa inavutika, lakini misuli na utando wake huchanika, na utumbo ukapata upenyo. Vitabu vya madaktari vinataja sana watoto walioangukia usukani wa baiskeli. Huku kwetu, alisema, ongeza kisiki cha mkarafuu na pembe ya ng'ombe. Tuliowahi kukimbia uwanjani siku za mchezo wa ng'ombe tunajua pembe hiyo anayoisema.

Kisha akauliza, kalamu mkononi: kabla ya kuanguka, uvimbe huu ulikuwepo?

Nikajibu haukuwepo, na ndivyo. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Mimi ni mtu wa kuwaambia watu waache kuchimbua sababu, waseme ni kadari. Na sasa nimekaa mbele ya mtu ambaye hawezi kunitibu mpaka aijue sababu. Ikiwa ni pigo, atataka kujua kama utumbo nao umeumia, na kingo zilizochanika zimefika wapi. Ikiwa ni udhaifu wa kuzaliwa, atashona mahali pengine kwa namna nyingine. Na si yeye peke yake anayeuliza. Shirika letu la biashara la taifa, ZSTC, limewahi kulipa fidia kwa wachumaji walioanguka mikarafuu, na fidia yoyote huanza na swali hilo hilo: kilichokupata kimetokana na nini? Hapo mtu mwenye ngiri ya miaka mingi, aliyeteleza kidogo kwenye ngazi, anapata mtihani wa dini usiokuwa mdogo. Atasema imetoka kwenye mti? Anayemwambia "yote ni ya Mungu, andika tu" anamfunza kutoa ushahidi wa uongo kwa kutumia jina la kadari.

Wapo watakaonikumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, inayotukataza kusema "lau" jambo likishatufika, kwa kuwa humfungulia shetani kazi. Naijua, na niliambiwa nayo nikiwa bado nimelala. Lakini Bukhari naye ameweka mlango mzima wa "lau" inayojuzu, na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliitumia katika Hija yake ya kuaga. Iliyofungwa ni ile ya majuto, ya mtu anayebishana na jana. Kuuliza tawi lilikatikaje ili kesho mtu apande na kamba, au daktari ajue ashone wapi, hakumo katika katazo hilo. Sijaona mwanachuoni aliyekutia humo.

Sasa nije kwa ami yangu. Huyu ndiye aliyenisomesha Kurani, na ndiye mpinzani wangu katika jambo hili. Aliposikia kwamba nimepangiwa kupasuliwa alikuja kwa miguu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Maalim," alianza. Akiniita hivyo hujua nimo matatani. "Si wewe unayewasomesha watoto kwamba kisu hakikati? Basi kisichokata kitaponyaje? Aliyekuchana bila ya kisu hashindwi kukuziba bila ya sindano."

"Ami, na karafuu je? Tumwache Mungu aziteremshe bila ya ngazi?"

"Hiyo ni kazi," alinijibu, kama aliyekwisha kumaliza.

Nimeifikiri sana kauli ile. Hiyo ni kazi. Msimu wa karafuu hutamkuta mtu amekaa chini ya mti na tasbihi akingoja vishada vishuke. Tunabeba ngazi, tunafunga kamba, tunakata fimbo ya kuvutia tawi, tunaanika, tunatazama mawingu, mvua ikitisha tunakunja majamvi mbio. Hakuna watu wa sababu kuliko Wapemba wakati wa msimu. Kisha huyo huyo aliyeziamini sababu tangu Alfajiri, akipata ngiri, jioni amekuwa walii. Tawakkul yake imeanza pale ilipoanza hospitali.

Lakini ami si mjinga, na sitamfanya mjinga ili nimshinde. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi anaona kujitibu ni sunna, si faradhi, na anayeacha tiba kwa kumtegemea Mungu kweli kweli anahesabiwa kuwa na fadhila. Wapo wema waliotangulia waliokataa tabibu. Kwa hiyo ami ana mlango wa kupitia. Ninachokiuliza ni kama ngiri inapita katika mlango huo.

Hapa Ghazali ananifaa zaidi kuliko popote. Katika kitabu cha tawakkul ndani ya Ihya anazigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Lipo la yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Lipo la dhana, kama kuumikwa na dawa za kuharisha. Na lipo la kuwaziwa tu, na humo ameingiza kuchoma kwa moto na ruqya, yaani kusomewa. La kwanza kuliacha si tawakkul hata kidogo, na mtu akihofia kufa ni haramu. Anayekaa mbele ya chakula na njaa yake, akakataa kunyoosha mkono kwa kudai kumtegemea Mungu, Ghazali anamweka katika wendawazimu. La pili kulifanya hakuvunji tawakkul, na kuliacha si haramu. La tatu ndilo ambalo mtawakkil huliacha. Na hebu tujitazame: sisi watu wa kisiwa hiki, wengi wetu, tunalikimbilia la tatu usiku wa manane na kulikwepa la kwanza.

Ngiri imo fungu gani? Daktari wangu, bila ya kumsoma Ghazali, alinigawia vizuri. Ngiri ndogo ya kinena isiyouma inaweza kungojewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume wa namna hiyo, ukakuta kwamba waliofikwa na hatari ya utumbo kukwama hawakufika 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Hilo ni fungu la kati, na ami angeweza kukaa humo kwa amani. Lakini ngiri ikikwama, utumbo ukabanwa, damu haipiti, na baada ya saa chache kipande kile huanza kufa na kulitia tumbo sumu. Mtu huyo bila ya kisu hafiki mbali. Huo ndio mkate na maji. Ngiri yangu ya pigo nayo madaktari hupendelea kuitengeneza badala ya kuingojea, kwa kuwa pigo lililochana misuli linaweza kuwa limejeruhi na vya ndani. Akaongeza jambo moja ambalo halimo katika Ihya: anayeishi jirani na chumba cha upasuaji hangojei sawa na anayeishi Mtambwe, ambaye ngiri yake ikikwama saa nane za usiku itabidi kwanza itafutwe gari au chombo cha kumvusha. Mufti akiulizwa habari ya ngiri, na aulize barabara kabla ya kujibu.

Tulizungumza hayo kwa siku kadhaa, mimi na ami, mpaka likatoka lililokuwa chini yake. Ami naye ana ngiri. Anayo ya kinena, ya zamani, anaifunga kwa kitambaa chini ya shuka, na haijui mtu isipokuwa mkewe na sasa mimi. Hajaionesha hospitali kwa sababu ya haya. Pale ni mahali ambapo mtu mzima hapafunui mbele ya kijana mwenye koti jeupe, achilia mbali muuguzi wa kike. Hili silidharau, haya ni katika imani. Lakini fiqhi imelimaliza zamani: kwa ajili ya tiba hufunuliwa kiasi cha haja, na haja ikiisha hufunikwa. Vitabu vyetu vinasema hivyo bila ya kuona aibu. Aibu tunaiongeza sisi, kisha tunaipa jina la tawakkul kwa kuwa jina hilo halibishiwi msikitini.

Na nyuma ya haya kulikuwa na jengine. "Mwanangu," alisema siku ya mwisho, hakuniita Maalim, "mimi nakiogopa kisu."

Ningeweza kunyamaza, umri wake unanitaka ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwambia kwa adabu kwamba basi katika sisi wawili, yeye ndiye anayeamini kwamba kisu kinakata. Ikiwa kisu hakina nguvu ya kuponya, hakina pia nguvu ya kuua. Huwezi kukinyima athari unapoitwa hospitali, ukakirudishia yote unapokihofia. Itikadi ya Sanusi haimpunguzii mtu matumaini kwa kisu peke yake. Inampunguzia na woga wake, kwa kiasi kile kile. Ami alinitazama muda, akasema nimejifunza ubishi mahali ambako hakunipeleka yeye.

Siku ya upasuaji waliniinamisha, wakanidunga sindano ya ganzi mgongoni, na baada ya dakika chache miguu ikawa si yangu. Kitambaa kikatundikwa mbele ya kifua nisione. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, nikamsikia daktari akiomba uzi. Nilihisi kuvutwa; sikuhisi kuumwa. Kisu kilipita na maumivu hayakuja.

Mtu aliyeusomesha mlango wa ada kwa mdomo, siku hiyo alisomeshwa kwa tumbo. Kisu na maumivu, ambavyo tangu utotoni sijaviona vikiachana, viliachana juu ya mwili wangu nikiwa macho. Najua mwanafunzi wangu atasema nini: ganzi nayo ni sababu, ni dawa inayozuia mishipa ya fahamu isipeleke habari, hapana karama hapo. Kweli, wala sidai karama. Nadai kidogo tu. Kama kuumia kungekuwa kumefungwa kwenye kisu kwa lazima ya akili, kama vile tatu isivyoweza kuwa shufwa, hakuna ambaye angejisumbua kutafuta ganzi. Waliotafuta walifanya kazi kama kwamba kifungo hicho kinaweza kufunguliwa. Sanusi angewaambia kinafunguka kwa sababu kimewekwa na Mwenye kuweka, naye ameweka na vyengine, vitafuteni. Nimeona watu wakiituhumu itikadi yetu ya Ashari kwamba inawavunja mikono watu wasifuate tiba. Juu ya kile kitanda niliiona kinyume chake.

Kwa hiyo, binti yangu, dakta alinikata kwa kisu. Na kisu hakikati. La kwanza linajibu amefanya nini. La pili linajibu nimshukuru nani na nimwogope nani. Huwezi kulitumia la pili kulifuta la kwanza, kama usivyoweza kukataa kulipa deni la dukani kwa hoja kwamba Mruzuku ni Mungu.

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za watu walioishona ngiri kabla yetu. Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mnamo 1013, anaieleza ngiri katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa, Tasrif, na tiba yake moja ni chuma cha moto. Ile ile ambayo Ghazali, karne moja baadaye, anaitia katika fungu la kuwaziwa. Fungu la tiba, basi, si la milele. Ya dhana leo kesho inaweza kuwa ya yakini. Aliyeisogeza tiba ya ngiri mbele sana ni Mtaliani, Edoardo Bassini, aliyeanza mwaka 1884 kuujenga upya ukuta wa kinena kwa nyuzi, tabaka juu ya tabaka, wakati ambapo ngiri nyingi zilizopasuliwa zilikuwa zikirudi. Bassini huyu mwaka 1867, akiwa kijana vitani karibu na Roma, alichomwa singe kinenani, akaugua kwa miezi na tundu la utumbo. Inavutia kusema kwamba jeraha ndilo lililomtuma. Mimi baada ya yote niliyoyaandika hapa siwezi kulisema kirahisi. Nasema alichomwa, kisha akawa daktari wa kinena, na Mungu ndiye anayejua kilichoviunganisha.

Siku hizi huwekwa wavu. Mshono peke yake huvuta nyama, na zinazovutwa huweza kuachia. Wavu hufunika pengo na mwili huota juu yake. Wavu wa kiwandani una bei ghali, lakini mashariki ya Uganda ulifanywa utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2016, kwa wanaume 302: nusu waliwekewa wavu wa kiwandani, nusu kitambaa cha aina ya chandarua cha mbu kilichosafishwa kwa mvuke. Baada ya mwaka, ngiri iliyorudi upande wa chandarua ilikuwa moja tu, na upande wa pili hapana. Nilipomsimulia ami alicheka mpaka akashika kinena. Chandarua! Kitu anacholala ndani yake kila usiku.

Niliporudi nyumbani nilikatazwa kubeba kizito kwa wiki 6 na kulowesha kidonda kwa siku za mwanzo. Hapo fiqhi ikanipokea kama iliyokuwa ikinisubiri. Kwetu sisi Mashafii mwenye bandeji mwilini akikoga janaba huosha palipo pazima, hupaka maji juu ya bandeji, na hutayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Na sala haikunishinda: Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume namna ya kusali, akaruhusiwa kukaa akishindwa kusimama, na kulala ubavu akishindwa kukaa. Nilisalisha watu nikiwa juu ya kiti. Dini iliyoweka milango ya bandeji na ya kiti haikutaraji mtu akae na ngiri yake kimya.

Ami amekubali kwenda kuonesha. Kupasuliwa bado hajakubali, na hilo ni lake. Ya kwake haiumi na inarudi ndani, naye anajua sasa kwamba yumo katika fungu la kati. Nilichomwomba ni kimoja, nami nakuomba wewe msomaji, na walimu wenzangu nakuombeni mkiseme juu ya mimbari kwa maneno ya wazi: ngiri ikiwa ngumu, ikauma, ikakataa kurudi ndani, na mtu akaanza kutapika, msimkande, msimpe mizizi, msingoje kukuche. Afikishwe hospitali usiku ule ule, na dua iombwe njiani.